Kwa rafiki anayetaka kusoma dini za wengine

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimekawia kujibu kwa sababu swali lako si la kujibiwa kwa pupa. Unasema unatamani kujua watu wa dini nyingine wanaamini nini hasa, na wanafalsafa wa kale walifundisha nini, lakini hujui uanzie wapi. Tena unaogopa kwamba kusoma huko kutakupunguzia imani yako.

Nianze na hiyo hofu, maana ndiyo nzito. Aliyeniondolea yangu ni Al-Biruni. Alikuwa Mwislamu, bingwa wa hisabati na elimu ya falaki, aliyezaliwa Khwarazm, nchi ya Asia ya Kati, mwaka 973. Baadaye akawa chini ya Sultani Mahmud wa Ghazni, mji ulioko Afghanistan ya leo, yule aliyeivamia India mara kwa mara. Katika hali ile ilikuwa rahisi kabisa kuwadharau walioshindwa. Yeye akajifunza Kisanskriti, akasoma vitabu vya Wahindu, akaketi na wasomi wao, na ilipofika mwaka 1030 hivi akamaliza kitabu kikubwa juu ya India. Mwanzoni tu anatangaza kwamba hakukiandika ili kubishana na mtu: atayaleta maneno ya Wahindu kama walivyoyasema wenyewe, na kando yake ataweka ya Wagiriki, ili msomaji aone yanapokaribiana. Wala hakuficha kwamba uvamizi wa Mahmud uliiharibu neema ya nchi ile na kupanda chuki kubwa. Mtu huyu aliishi Mwislamu na akafa Mwislamu. Nilipomsoma nilielewa kwamba ninaweza kumsikiliza mwenzangu mpaka amalize, kisha nikarudi kwenye sala zangu nikiwa mzima.

Sasa, uanzie wapi. Nakuomba usianze na vile vitabu vinavyogawa dini zote kwa kurasa sawasawa: mwanzilishi, kitabu kitakatifu, sikukuu, idadi ya waumini, basi. Vinafaa ukitafuta tarehe. Ukivimaliza, hata hivyo, unakuwa hujasikia sauti ya mtu hata mmoja. Anza na kitabu ambamo watu wanajadiliana.

Mimi ningekuanzisha na Maswali ya Milinda, kitabu cha Wabudha kilichohifadhiwa kwa lugha ya Kipali. Milinda ndiye Menander, mfalme wa Kigiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa India katika karne ya 2 KK; sarafu zake zipo hadi leo, zenye maandishi ya Kigiriki upande mmoja na ya Kihindi upande wa pili. Kitabuni anakutana na mtawa aitwaye Nagasena. Anamuuliza jina, swali la kawaida kabisa, na mtawa anajibu kwamba watu humwita Nagasena, lakini hilo ni jina tu, hakuna nafsi yoyote inayopatikana humo. Mfalme anawageukia Wagiriki wake 500 washuhudie maneno hayo ya ajabu. Kisha anamshambulia: kama hakuna nafsi, nani anavaa mavazi hayo unayopewa? Nani anakula? Nywele zako ndizo Nagasena? Kucha? Meno? Kila mara mtawa anajibu hapana.

Halafu zamu inageuka, na hapa ndipo ninapopapenda mno. Nagasena anamwambia mfalme kwa upole: wewe umelelewa kwa raha, na adhuhuri hii mchanga unachoma, umekuja kwa miguu au kwa gari? Kwa gari la farasi, anasema mfalme. Basi nionyeshe gari. Ekseli ndiyo gari? Magurudumu? Nira? Hatamu? Sasa ni mfalme anayejibu hapana, hapana, mpaka anakiri kwamba “gari” ni jina tunalotumia vitu hivyo vyote vikiwa pamoja. Na mimi vivyo hivyo, anasema mtawa. Mfalme anashangilia.

Mimi nadhani alikubali upesi mno. Gari haliumwi, wala halikumbuki lilikopita jana. Lakini nimekaa na hoja hiyo muda mrefu, na imenilazimisha kuuliza ninamaanisha nini ninaposema “mimi”, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria.

Ukitoka hapo, soma Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya pili. Shujaa Arjuna yuko katikati ya majeshi mawili, upinde umemtoka mkononi kwa huzuni, na Krishna, Mungu aliyekuja kama mwendesha gari lake, anamwambia kwamba kilicho ndani ya mtu hakikatwi na silaha wala hakiunguzwi na moto. Linganisha na Nagasena. Hawa wawili hawakubaliani! Utakutana na watu wengi wanaosema dini zote zinafundisha jambo moja. Wanasema kwa nia njema, lakini namna hiyo wanawanyang’anya wote wawili neno lao.

Kwa upande wa Wagiriki, wengi watakutuma kwa Plato, nawe nenda, hasa pale mwalimu wake Socrates anapojitetea mahakamani mwaka 399 KK. Mimi moyo wangu uko kwa Epictetus, mwanafalsafa wa Kistoa. Alizaliwa mtumwa, alikuwa kiwete, na hakuandika kitabu chochote. Aliyoyafundisha baada ya kuachwa huru yaliandikwa na mwanafunzi wake Arrian. Anagawa mambo mafungu mawili, yaliyo katika uwezo wetu na yasiyokuwamo, na katika haya ya pili anaweka mwili, mali na cheo. Fikiri hayo yanatoka kwa mtu ambaye mwili wake uliwahi kuwa mali ya mwingine.

Siku hizi watu hunukuu vipande vyake kama mbinu za kutuliza akili, na Mungu wamemtoa kabisa. Jambo hilo linanisikitisha. Yeye mwenyewe anauliza: mimi mzee kiwete niweze nini zaidi ya kumwimbia Mungu? Ningekuwa chiriku, ningeimba kama chiriku. Nimepewa akili, basi kazi yangu ni kumsifu. Kwa watu wale falsafa na ibada havikukaa mbalimbali.

Soma polepole, kurasa chache kwa siku. Na kabla ya kuandika maoni yako daftarini, andika kwanza mwandishi anasema nini, kwa namna ambayo yeye mwenyewe angekubali kwamba umemwelewa. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika.

Ukifika kwenye lile gari, niandikie. Nataka kujua kama nawe unaona mfalme angeweza kujibu vingine, au kama Nagasena kakushika kweli.

Wako wa siku zote.