Gia boksi yangu ipo Ilala

Nyakato, Mwanza
Jumanne jioni

Mama Kulwa mpenzi,

Mwangaluka mayu. Hamjambo huko? Mapacha wanaendeleaje, na baba yao ile miguu imetulia? Sisi wazima, Mungu anasaidia. Salamu nyingine nitazimalizia huko chini, maana Shija anapanda basi usiku huu na muda alionipa ni huu anaofungia mizigo yake.

Kwa simu nimeshindwa. Kila nikianza kuisimulia habari hii napandisha sauti mpaka Nyamizi anakuja kuniambia majirani wanasikia. Isitoshe nataka uwe na karatasi mkononi ukienda. Ndiyo, nataka uende mahali. Usikunje uso, ni Ilala tu, kutoka dukani kwako unatembea kwa miguu.

Ni ile Noah, gari langu la kubebea vyombo vya shughuli. Mwaka huu gia zake zilianza kuteleza. Siku tunarudi kutoka Sengerema kwenye harusi ya mtoto wa Mzee Lusato (daraja la Kigongo–Busisi hujaliona wewe, tangu lifunguliwe Juni 2025 kile kivuko tumekisahau, kilometa tatu za maji unapita bila kusimama, hakuna tena kulala Busisi na masufuria ya pilau kama siku ile), basi tupo katikati ya daraja hilohilo, injini ikaanza kulia juu na gari haliongezi mwendo. Nakanyaga mafuta, kelele zinapanda, sisi tuko palepale. Malori yanatupigia honi. Tulifika nyumbani saa nne usiku kwa mwendo wa baiskeli.

Fundi Masanja, yuleyule wa Mabatini, alichomoa stiki, akaipangusa kwenye kitambaa cheupe, akaninusisha. Oili ya gia boksi ya otomatiki ikiwa nzima ni nyekundu. Yangu ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua. Akaniambia pleti za klachi zimeisha, ishuke ifunguliwe yote, na yeye mwenyewe hafungui otomatiki, anafunga na kufungua kwenye gari tu. Nampendea hilo, anasema asichokijua.

Za mtumba hapa mjini zipo. Nilizunguka. Kila muuzaji ananiambia ikishatoka mlangoni kwake ni yangu, iwe inaingia gia au haiingii. Ndipo mdogo wake Getruda akaniletea namba ya hao watu wa Ilala. Unawatumia gia boksi yako kwa basi, wanaifungua, wanabadilisha pleti na sili zote, wanasafisha valvu bodi (kile kibao cha valvu kinachogawa oili), wanakurudishia ileile yako ikiwa imetengenezwa, na waranti miezi mitatu. Laki nane na nusu, nusu unatanguliza, nusu ikiwa tayari. Maneno hayo yote ninayo kwenye simu, waliyaandika wenyewe. Na kuna watu wananicheka hapa mtaani eti nani anatuma gia boksi kwa basi. Sasa kwani sisi Mwanza tunaishi kwa nini? Samaki wanapanda basi, friji zinapanda basi, mashine za kusaga zinapanda basi.

Masanja aliifunga vizuri kuliko wanavyofunga maiti. Alimwaga oili yote isije ikachafua mizigo ya watu, akaziba matundu kwa nailoni, konveta, lile duara linaloiunganisha na injini, akaikaza kwa waya isichomoke njiani, halafu akailaza juu ya tairi kuukuu ili isigonge chuma. Kabla hawajaibeba akachukua senta panchi na nyundo akagonga nukta tatu kwenye bega lake la kushoto, hapa juu inapokutana na injini. Nikamwuliza ya nini. Akasema hana imani na watu asiowaona. Mama Kulwa, zishike hizo nukta tatu.

Ikarudi. Nilikwenda kuipokea stendi ya Nyegezi mwenyewe, inang'aa silva yote, mpaka wapagazi wakanipongeza. Nikamalizia ile nusu iliyobaki, maana ndiyo makubaliano, hawapakii kabla hujamaliza. Masanja akaosha kuula, yaani kipozeo cha oili ya gia boksi, na mabomba yake yote, akasema vyuma vya gia boksi iliyokufa hujificha mle na kwenda kuua nyingine. Akaweka oili mpya, tena ninayo risiti yake. Akaiwasha. Mtaani inakwenda vizuri, gia zinaingia, nikaanza kumpigia yule mama wa Igoma aliyekuwa anangoja gari kwa ajili ya kipaimara.

Tukaipandisha Bugando.

Kile kilima nakijua, nimekipanda na ile Noah ikiwa na viti mia na jenereta. Hatukufika hata kwenye geti la hospitali. Injini inaunguruma, gari linarudi nyuma, bajaji zilizokuwa nyuma yetu zinatawanyika, Masanja ameshika hendibreki kwa mikono miwili. Rivasi nayo ukiiweka unasubiri, unasubiri, halafu inaingia kwa kishindo. Ugonjwa uleule, isipokuwa huu una rangi.

Sasa hapo ndipo simu zilipoanza. Anapokea kijana mmoja ana sauti ya heshima sana. Nikimweleza, ananiambia, "Mama, haya ni mambo ya kiufundi, mpe baba simu." Baba Nyamizi! Ambaye gari analijua kwa kulipanda. Namwambia aliyelipa ni mimi, anayeendesha ni mimi, niambie mimi. "Basi mpe fundi." Nikampa Masanja. Akaambiwa amefunga konveta vibaya akavunja pampu ya oili ya gia boksi, na kwamba waranti yao haihusu makosa ya mafundi wa mikoani. Wa mikoani! Nilimwona yule mzee amekaa juu ya ndoo yake, simu ameshikilia, hasemi kitu. Mtu ana miaka thelathini chini ya magari.

Ni kweli konveta isipokaa hadi mwisho, ukakaza bolti, pampu inapasuka. Masanja ndiye aliyenieleza hilo mwenyewe, na siku anafunga nilimwona akiizungusha na kuisukuma mpaka ikazama, akapima kwa rula. Kwa hiyo nikasema ifunguliwe mbele ya watu. Tukamleta fundi wa otomatiki kutoka Igoma, ambaye na Masanja hawasalimiani kwa sababu ya mambo ya zamani unayoyajua, ili asije akasema mtu kwamba wamepanga. Mwalimu Nestory akarekodi kwa simu tangu bolti ya kwanza.

Pampu nzima. Haina hata mkwaruzo.

Kisha wakashusha sampu, lile beseni la oili la chini. Mle chini kuna vile visumaku vinavyokamata unga wa chuma. Gia boksi iliyofunguliwa juzi inatakiwa visumaku viwe safi, yeyote anayeijua kazi hii atavipangusa hata kama ni mvivu. Hivi vilikuwa vimeota ndevu. Nyeusi, nene, yule wa Igoma aliziminya kwa vidole zikabaki zimesimama. Oili tuliyomwaga ni ileile yetu, bado nyekundu nyekundu, lakini kwenye pembe za sampu kuna tope lililokauka, mpaka walikwangua kwa bisibisi. Pleti zikatoka: nyingine zimebaki chuma kitupu, zile ngozi zake zimeungua zinamenyuka kwa ukucha. Nyingine zimeshikana mbilimbili. Kwa kupanda nusu ya kilima cha Bugando? Yule wa Igoma akasema hii haijawahi kuguswa ndani tangu itoke Japani. Na rangi yenyewe, Mama Kulwa, wamepuliza juu ya grisi. Ukivuta kwa kucha inatoka kipande kizima, na chini yake kuna vumbi, na kwenye vumbi kuna nzi. Nzi mzima na mabawa yake, amepakwa silva.

Hapo tulidhani tumemaliza. Masanja akaenda kwenye bega la kushoto na petroli na brashi. Akasugua. Akasugua tena. Hakuna nukta. Akageuza upande wa pili labda amesahau. Hakuna.

Hii siyo gia boksi yangu. Yangu ilikuwa imechoka pleti, lakini mwili wake ni mzima, wameichukua wakaniletea mfu wa mtu mwingine aliyepakwa poda.

Nikawatumia video. Unajua wamejibu nini? "Mama, tutajuaje kuwa hiyo mliyofungua ndiyo tuliyowatumia?" Nilicheka peke yangu jikoni. Wanataka niirudishe "waikague", kwa nauli yangu. Nikiirudisha nimebaki na nini? Wao watakuwa na zote mbili, mimi nitakuwa na video. Siirudishi. Iko hapa chini ya turubai nyuma ya banda la kuku na funguo ya geti ninayo mimi. Lakini na yangu wanayo wao, na kila siku inayopita naona kama wanampakia mtu mwingine, wa Mbeya au Songea, aende akapongezwe na wapagazi. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi, kuliko hata hela. Hela nayo inaniuma, usidhani.

Kazi zimenisumbua. Masufuria nayabeba kwa kirikuu cha kukodi, faida yote inaishia kwa mwenye kirikuu, na juzi wamenivunjia bakuli za kachumbari. Baba Nyamizi anasema tungenunua punda. Nimemwambia punda naye atahitaji dereva.

Mwalimu Nestory anasema nisiende polisi kwanza. Anasema kuna Sheria ya Ushindani ya 2003, inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko, lakini niwe na vielelezo. Ninavyo: stakabadhi za mizigo za basi kwenda na kurudi, ujumbe wa malipo wa kwenye simu, video, na maneno yao ya waranti. Kinachokosekana ni risiti. Nimewaomba ya EFD, wakasema mashine inasumbua mtandao. Mashine inayosumbua tangu mwaka jana sijui TRA, watu wa kodi, wanaionaje. Nikitaja TRA yule kijana wa heshima anaanza kuniita "mama yangu".

Sasa kazi yako. Usiende kunidai, tafadhali, nakujua mdomo wako. Nenda kama mteja. Vaa vizuri. Sema una Noah ya zamani, ile yenye injini ya 3S chini ya viti vya mbele, unatafuta gia boksi. Watakuonyesha zilizopangwa. Ukiona ya Noah, inama, angalia bega la kushoto pale inapofungwa na injini, pitisha kidole. Wakiwa wameshaipaka silva utazisikia kwa kidole hata kama huzioni, Masanja hakugonga kwa huruma. Ukizikuta, usiseme neno. Piga picha ukijifanya unamtumia mume wako, uliza bei, ondoka, nipigie. Hapo ndipo nitapanda basi mimi mwenyewe na lile tope la kwenye sampu nimelitia kwenye chupa. Nikiipata yangu hata haijafunguliwa, wakanirudishia na hela, sitamfuata mtu. Usipozikuta nitakwenda Tume na nilichonacho.

Anwani ya duka nimeiandika nyuma ya karatasi hii pamoja na mchoro wa mahali nukta zilipo. Mchoro ni wa Nyamizi, usishangae imekuwa na macho.

Haya niambie, unaweza kwenda kabla ya Ijumaa? Shemeji yako yule wa mahakamani bado yupo Kisutu au walimhamisha? Anaweza kukusindikiza, asimame nje tu? Na wewe mbona kimya hivi tangu msiba wa Bibi, ni simu au ni mimi? Kulwa alifaulu? Doto bado anakula udongo? Ile hela ya kikundi ulimpa Mama Salome au bado ananinunia bure? Vitenge vya wax vimeshuka au vimepanda, maana Novemba nina send-off mbili, nikipata gari. Na kile kiwanja cha Kisesa mmeamua nini, mwenye nacho ameniuliza tena kanisani.

Shija anapiga honi. Ana kapu la dagaa na sato wakavu, ni wako wote. Kapu ni la mama mkwe, mrudishie Shija hukohuko akiwa hajaondoka.

Wako,
Mama Nyamizi