Makumbusho ya ulanzi ijengwe Kalenga, tena na milanzi yenyewe iwepo

Ndugu mhariri, kamwene.

Naomba kanafasi gazetini kwako maana hili limenikaa rohoni toka mvua zilizopita. Nilienda kijijini na binti yangu, amekulia Dar huyo, akakuta mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia pombe ya ulanzi, imening'inia ukutani kwa babu akaniuliza, baba hii filimbi? Nikacheka weee, baadae ndo nikaona aibu, siku hizi wengi wanakingia chupa za maji za plastiki sasa mtoto mbeta angeijulia wapi.

Ukitaja waini hapa nchini kila mtu anawaza Dodoma, sawa, ila zile zabibu zililetwa na wamisionari, sisi Wahehe na Wabena waini yetu ni ulanzi, utomvu wa mianzi tunayoiita milanzi, imesimama nyuma ya nyumba. Mvua zikikolea unakata ncha ya mlanzi mchanga, unafunga mbeta, halafu kila asubuhi na jioni unapita kuchonga kidogo sana pale penye kidonda kisije kikaziba, ukichonga kwa pupa umeumaliza mlanzi kabla ya msimu, ukisahau panakauka basi tena. Hamira hakuna, sukari hakuna, unachacha wenyewe. Wa leo leo ni togwa, mtamu kabisa, ukilala siku moja mbili umeshakuwa mkangafu, yaani mkali, na huo mwachie shemeji.

Ndo maana nasema makumbusho ya ulanzi isiwe kabati la vioo mjini. Ulanzi hautulii, ukiufungia kwenye chupa ukauweka maonyesho, baada ya wiki unaonyesha siki. Cha kuonyesha ni mkono wa mgema. Georgia kule Kaukazi wanachachulia waini kwenye mitungi mikubwa ya udongo waliyoizika ardhini, UNESCO wakaitambua mwaka 2013, na kilichotambuliwa ni ule ufundi, sio chupa.

Kalenga, hapa jirani na mji wa Iringa, wageni wanasimama tayari kuona fuvu la Mtwa (chifu) Mkwawa lililorudi toka Ujerumani mwaka 1954, wengine wako njiani kwenda hifadhi ya Ruaha. Vyumba viwili tu pale jirani vinatosha, nyuma shamba dogo la milanzi, na mzee mmoja mgema alipwe hela ya maana achonge watu wakiona, na maelezo ya ukutani yaanze na Kihehe. Kiangazi hakuna ulanzi, basi mgeni aambiwe hakuna, arudi Februari.

Najua wapo watakaosema hiki ni kilabu kimevalishwa suti. Sawa, msiuze hata kopo moja, mimi sina neno.

Mbeta tatu za babu na kisu chake ninavyo hapa darini, mkiwa tayari njooni mchukue bure. Ila tafadhali msizioshe kwa sabuni, babu alikuwa anasema uchachu wote umekaa humo ndani.

Msomaji wenu,
Iringa