Sampu ya ile RX-7 yako

Sheikh wangu, asalaam aleikum.

Picha zimefika. Injini imekaa vizuri ndani ya hiyo Mazda yako, na kuipata LS1 ya Lumina, ile V8 ya General Motors, hapo Sharjah kwa bei ile ni riziki, usiidharau. Ila katika yote uliyoniuliza, la sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ndilo linalonitia wasiwasi. Injini za kuhamishwa hufia hapo, tena hufa dipstiki ikionyesha oili imejaa.

Umeuliza sampu ipi itaingia bila kugusa chuma. Mimi naanza kwingine: ipi itaiacha streina, ule mdomo wa kunyonyea oili, ndani ya oili ukiwa katikati ya kona? Njia ya kawaida haina neno. Lakini kwenye uwanja wa mbio wa Dubai Autodrome, na tairi zile ulizonunua, kona inaweza kuibana gari ubavuni kwa nguvu iliyo sawa na uzito wake wenyewe. Hapo uso wa oili hulala kwa nyuzi 45, kama maji ya karai nyuma ya pikapu inayokata kona. Kona ikiwa ndefu, oili yote imepanda upande mmoja, streina inavuta hewa, na mizunguko iko elfu sita kwa dakika. Beringi za konrodi hazistahimili hayo. Pengine hutasikia kitu siku hiyo; injini itanoki baadaye, ukienda zako dukani. Na LS, jamii ya hiyo injini yako, ina tabia nyingine: ukiizungusha sana kwa muda, oili nyingi hupanda kwenye hedi na kuchelewa kushuka, basi sampu inabaki na kidogo wakati ule ule unapohitaji nyingi.

Sampu iliyokuja na injini usiitumie. Lumina hiyo ni Holden ya Australia iliyopewa jina la Chevrolet, na tumbo la sampu yake, ile sehemu yenye kina, liko mbele, mahali ambapo RX-7 ina krosimemba, ule mhimili wa chuma unaokatiza chini ya injini. Fundi atakwambia aikate na kuichomelea. Kataa. Sampu ya LS ni alumini ya kumimina, na giaboksi hufungwa kwake kwa bolti, yaani nayo inabeba mzigo. Ikipinda kwa moto wa kuchomelea, utahangaika na kuvuja na mitetemo usiyojua inatoka wapi. Ya Corvette C5, ile yenye mabawa, inabeba oili zaidi, lakini mabawa yatakosa nafasi, na hata wenye Corvette huilalamikia kwenye kona ndefu.

Mimi ningechukua ya Camaro ya 1998 hadi 2002. Tumbo liko nyuma, mbele ni nyembamba inapita juu ya krosimemba, na wengi waliotia LS kwenye RX-7 kama yako wameitumia hiyo. Inachukua kama lita 5.2 pamoja na filta. Ubaya wake ni breki: ukikanyaga kwa nguvu mwisho wa njia iliyonyooka, oili inakimbilia mbele na kuiacha streina kule nyuma. Kwa hiyo usiifunge tupu. Tia ndani vizuizi vyenye vilango vinavyofunguka upande mmoja tu, oili iingie kwenye streina isiweze kutoka. Kampuni ya Improved Racing inavitengeneza kwa sampu hiyo hiyo.

Ukinunua, nunua seti: streina, dipstiki na bamba la chini ya krenki, vyote vya Camaro. O-ringi ya streina iwe yenyewe hasa, maana isiyolingana itavuta hewa hata gari likiwa limesimama, na utailaumu sampu bure. Pima kwa plastisini nafasi kati ya streina na sakafu ya sampu. Milimita 6 hadi 10 inatosha. Kabla hujakaza bolti, weka rula nyuma ya bloku: sampu na bloku viwe sawasawa, ndipo giaboksi ikae bila kulazimishwa.

Mfumo wa sampu kavu, ule unaoweka oili kwenye tangi la pembeni, uache kwanza. Ni mzuri, lakini fedha hiyo itakununulia Accusump, kile kitungi chenye pistoni, hewa upande mmoja na oili upande wa pili, kinachosukuma akiba presha ikianguka. Baki nyingine itanunua kipoza oili na geji ya presha yenye taa kubwa mbele ya macho. Kanuni ya zamani ni presha ya oili ya psi 10 kwa kila mizunguko elfu ya injini kwa dakika. Taa ikiwaka kwenye kona, ondoa mguu hapo hapo, hata kama uko mbele ya wote.

Kabla hujalipa, nipimie vitu viwili: kutoka krosimemba hadi ukuta wa mbele wa giaboksi, na kutoka krosimemba hadi chini. Tumbo lisishuke chini ya krosimemba, maana ukingo wa kona utaligonga. Nitumie vipimo kabla ya Ijumaa, kuna mtu wangu anakuja huko na anaweza kukuletea streina.

Wasalimie nyumbani wote, na mama mwambie namwombea afya.

Wasalaam,
Nduguyo, Mombasa