Kabla ya tarehe 14 Juni

Moshi, 28 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Nilifika salama, ingawa mvua ilituchelewesha kidogo pale Usa River. Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu jambo hili la kukagua nyumba yenu mpya linahitaji kusomwa zaidi ya mara moja, na kwa sababu nilipokuwa kwako Njiro, Arusha, juma lililopita sikutaka kulizungumza mbele ya mkandarasi wenu, ambaye alikuja kunisalimia kwa heshima na hata akanibebea mkoba hadi mlangoni. Ni kijana mwenye adabu, na sina ugomvi naye. Hata hivyo, mkataba mliouacha juu ya meza ya chakula niliusoma wote (mnisamehe, ni mazoea ya mwalimu aliyestaafu), nao unasema kwamba kipindi cha matazamio ni miezi 12 tangu siku ya makabidhiano. Mlikabidhiwa funguo tarehe 14 Juni mwaka jana. Leo zimebaki siku 47.

Katika siku hizo, kasoro yoyote inayotokana na kazi yake au vifaa alivyotumia anawajibika kuirekebisha kwa gharama zake mwenyewe, na ninyi bado mmeshikilia asilimia 5 ya malipo yake kama fedha ya zuio. Tarehe hiyo ikipita, nanyi mkiwa mmemlipa salio hilo, sijui mtamrudisha kazini kwa nguvu gani.

Ile nyumba yetu ya Sakina unaikumbuka kwa mwembe na kwa baiskeli yako, lakini mimi naikumbuka kwa ufa. Tulikabidhiwa Septemba 2005 na matazamio yakawa ya miezi sita tu, kwa hiyo yaliisha Machi 2006, masika yakiwa ndiyo kwanza yanaanza. Fikiria ujinga huo: nyumba ilitoka mikononi mwa mjenzi kabla haijanyeshewa mvua kubwa hata moja. Mwezi Februari nilikuwa nimeona ufa juu ya dirisha la chumba chako, nikamwambia fundi mkuu kwa mdomo, naye akajibu kwamba angepita wiki inayofuata. Niliona haya kumwandikia barua mtu niliyekuwa nikimpikia chai kila asubuhi. Wiki inayofuata ikawa miezi, ufa ukarefuka, kisha Julai 2007 yakaja yale matetemeko kutoka upande wa milima ya Gelai na Oldoinyo Lengai, ambayo kubwa lake lilifikia kipimo cha 5.9 na likatutoa nje watu wa Arusha. Nilipomtafuta tena mjenzi yule alikuwa na jibu tayari: ufa ni wa tetemeko, mama. Nami sikuwa na karatasi, wala picha, wala tarehe ya kuonyesha kwamba ufa ulitangulia. Tuliurekebisha kwa fedha iliyokuwa ya ada yako ya shule.

Sasa nikwambie nilichokiona kwako. Siku ya Alhamisi mlipokwenda kazini nilichukua sarafu ya shilingi 200 nikapita nayo sebuleni, nikigonga kigae kimoja baada ya kingine. Kigae kilichoshika vizuri hutoa mlio mfupi na mzito, na kile kilicholazwa juu ya saruji isiyoenea hulia kama kibuyu kitupu. Karibu na mlango wa veranda vilivyolia hivyo vilikuwa 11. Kisha nikaingia bafu la wageni, nikamwaga ndoo moja ya maji sakafuni na kukaa kwenye kigoda kuyatazama. Sakafu ya bafu inapaswa kuinama kuelekea tundu la kutolea maji, lakini maji yale yalisita kidogo, yakageuka, yakaanza kutembea polepole kuelekea mlangoni hadi nikayazuia kwa tambara. Hiyo si kasoro ya kupakwa rangi. Vigae vitang'olewa, sakafu isawazishwe upya kwa pima maji, na kazi hiyo si ya kulipiwa na wewe.

Kwenye dari ya korido kuna doa la rangi ya chai, kubwa kama sahani. Nilipokuuliza ulinijibu kwamba ni la zamani. Nyumba ya miezi kumi haina cha zamani, mwanangu. Misumari ya bati hupigwa kwenye mgongo wa bati, kwa sababu bondeni ndimo maji yanamopita, na fundi mwenye haraka hupiga popote mkono unapofika. Atakayekagua apande juu ya dari mchana, azime taa ya mkononi na kutazama mwanga unapenyea wapi. Masika haya yamekusaidia kwa kukuonyesha mahali pa kuanzia.

Kuhusu nyufa, usitishwe na kila mstari. Ule mwembamba kama unywele kwenye plasta hutokana na saruji kukauka, na hupakwa ukaisha. Ulionitia shaka ni ule wa chumba cha watoto, unaoanzia kona ya dirisha na kupanda mshazari kuelekea mkanda wa zege ulio juu ya kuta, kwa sababu ufa wa namna hiyo unaweza kuwa unatoka kwenye linta, yaani boriti iliyo juu ya dirisha, au chini kabisa, kwenye msingi, hasa ikiwa mmejenga juu ya ule udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Nimeweka alama ya penseli kwenye ncha zake zote mbili na kuandika tarehe pembeni. Usiifute, na usiwaruhusu wajukuu wangu waendeleze mchoro.

Lakini haya ni macho ya mwalimu wa hesabu. Tafuteni mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mmlipe wenyewe, na awe hana undugu wala biashara na mkandarasi. Mjomba wako atajitolea kuja kuangalia bure. Mshukuruni, mkaribisheni chakula, lakini ripoti yake haitambana mtu. Kwa umeme itisheni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime waya wa ethi na soketi zote, kisha mjaribu kile kifaa cha kukata umeme unapovuja kwa kubonyeza kitufe chake cha majaribio, kisipokata, hakikulindi. Mwambieni mhandisi atazame pia mnara wa tenki. Tenki la lita 2,000 likijaa lina tani mbili za maji peke yake, na mguu mmoja wa mnara ule nimeuona umesimama kwenye tope.

Ripoti ikitoka, mwandikieni mkandarasi barua mkitaja kila kasoro na chumba ilipo, mkiambatisha picha zenye tarehe, na mkimpa siku ya kumaliza. Barua iwe nakala mbili, na ile inayobaki kwenu aisaini kwamba ameipokea kabla ya tarehe 14 Juni. Akisema hakuna haja ya maandishi kwa kuwa mmekuwa kama ndugu, mwambie ndiyo maana mnaandika, ili undugu usije ukaharibiwa na vigae. Fedha ya zuio isitoke hadi mhandisi arudi na kuona kwa macho yake kwamba kazi imekamilika. Mkandarasi aliyesajiliwa anaujua utaratibu huu kuliko wewe na hatakuona mkorofi. Akinuna, Bodi ya Usajili wa Makandarasi ipo kwa ajili ya malalamiko ya namna hiyo.

Najua gharama ya mhandisi inakuuma baada ya mwaka mzima wa kununua nondo na saruji. Nimemwambia baba yako, naye amekubali tuchangie nusu kutoka kwenye fedha ya ndizi. Nitakuja Jumamosi ya tarehe 9 Mei ili nikae na watoto mkiwa mnazunguka na mhandisi. Ngazi ya kupandia darini usiazime kwa mkandarasi. Tutakuja na ya kwetu, nimekwisha kuongea na kondakta.

Msalimie sana mkwe wangu na wajukuu.

Mimi mama yako