Kwa nini hatutoi miche kwa mvua ya kwanza ya Masika

Kila ifikapo Machi, wateja wetu huanza kupita kitaluni hapa Chake Chake kuulizia mbegu za mpunga na miche ya pilipili na mabilingani, na ikinyesha mvua moja ya usiku kucha, asubuhi yake kila mtu anataka chake. Tunaielewa haraka hiyo, kwani anayechelewa kupanda mpunga bondeni huweza kukosa maji wakati mashuke yanapotoka. Hata hivyo, kwa mvua ya kwanza miche huwa hatuitoi, na ni haki ya mteja aliyekwisha kulipa kuelezwa sababu.

Mwezi wa Machi upepo wa kaskazi huwa umelegea na ule wa kusi bado haujashika. Ukanda wa mvua unaolifuata jua kuelekea kaskazini hupita juu ya visiwa vyetu katika kipindi hicho, lakini haupiti kwa mwendo mmoja, na kukitokea kimbunga upande wa Madagaska au Mlango wa Msumbiji, unyevu huweza kuvutwa huko nasi tukabaki na jua kali kwa siku nyingi. Mvua za kutegemewa hasa ni za Aprili na Mei. Mbegu iliyokwisha kuchipua kwa mvua ya mwanzo, ikakosa maji wiki nzima katika ardhi ambayo bado ina joto la kiangazi, hufa, na gharama za kuchimba na kuburuga haziwezi kurudi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa Masika kabla ya msimu kuanza, na wengi wakisikia kwamba mvua zitakuwa za wastani hutulia. Kwa kipimo cha Mamlaka, wastani ni kuanzia asilimia 75 hadi 125 ya mvua ya kawaida ya miaka mingi. Kwa hiyo, tuseme pahala ambapo kawaida ni milimita 800, milimita 600 ni wastani na milimita 1,000 ni wastani vilevile, ilhali kwa mpunga usio na umwagiliaji hiyo ni misimu miwili mbalimbali kabisa. Isitoshe, jumla ya msimu haisemi mvua itanyesha siku zipi. Ndiyo maana tunawashauri wateja wafuatilie zaidi taarifa za kila siku kumi, ambazo kwa kupanga siku ya kupanda zina manufaa makubwa kuliko ule mwelekeo wa miezi mitatu.

Pamoja na taarifa hizo, udongo wenyewe haudanganyi. Chimba kwa jembe hadi kina cha kiganja, chukua konzi moja na uifinye: kwenye kinongo, yaani udongo usio wa mchanga, ukishikana donge na donge lisimeng'enyuke unapofungua mkono, unyevu umefika kwenye mizizi; lakini udongo ukiwa umelowa juu tu na chini yake ni vumbi, subiri. Kwenye kichanga kipimo hiki hakifai sana, kwani maji hupita upesi, na huko ni bora kungoja mvua zifuatane.

Muhogo huvumilia mvua za kusuasua, kwa hiyo anayetaka kuanza mapema aanze nao, ila aupande juu ya matuta. Tungule, yaani nyanya, ni kinyume chake. Mvua za Aprili na Mei huleta ukungu wa majani na mnyauko, na dawa inayopigwa asubuhi huoshwa na mvua ya mchana. Kwa maoni yetu ni afadhali kusia mbegu mwezi wa Mei chini ya paa na kupandikiza kipupwe kinapoingia, mwezi wa Juni, hata kama mauzo yetu ya dawa yatapungua. Wenye mabonde yanayoingiliwa na maji ya bahari wakati wa bamvua, kama kule Kisiwa Panza, wangojee mvua nzito zioshe chumvi kwanza. Na mbolea ya urea isimwagwe maji yanapopita juu ya kingo, kwani itaishia konde la jirani.

Miche iliyokwisha kulipiwa tunaendelea kuitunza kitaluni bila ya malipo ya ziada hadi mvua zishike. Asiye na hakika na konde lake alete udongo kidogo ndani ya mfuko, uliochimbwa siku hiyohiyo, tuuangalie pamoja kabla ya kuchukua mbegu.