"Mbona Mwenzangu Kalipa Nusu?" Kuhusu Puto, Kukata Tumbo na Bei Zetu

Mteja mmoja wa Tabata ametutumia ujumbe mrefu WhatsApp kwamba sisi ni wezi. Shoga yake "kafanyiwa tumbo" kwa nusu ya makadirio tuliyompa yeye. Si wa kwanza kulalamika hivyo, na tumechoka kujibu mmojammoja, kwa hiyo tunajibu hapa.

Shoga yake aliwekewa puto la kupunguza uzito. Yeye anahitaji kukatwa tumbo, yaani upasuaji wa kulipunguza.

Puto si upasuaji. Daktari hulipitisha mdomoni likiwa tupu, akifuatisha kwa kamera, kisha analijaza maji likiwa tumboni ili ushibe mapema. Yale ya kawaida hukaa miezi 6, halafu lazima yatolewe. Tangu hospitali ya Mloganzila waanze huduma hii, mji mzima unalijua puto, ila habari ya kulitoa watu hawaambiani. Kuna kaka mmoja muda wake ulipofika tukawa tunampigia, anatuzungusha: "Bado linafanya kazi, nyie mnataka hela tu." Usiku mmoja akapiga mwenyewe, sauti inatetemeka, mkojo umegeuka bluu. Yale maji hutiwa rangi makusudi ili puto likivuja mwenye tumbo ajue. Likishasinyaa linaweza kuteremka na kuziba utumbo, na hapo ni kupasuliwa kwa dharura. Lake lilikutwa bado tumboni, likatolewa kwa kamera. Alilipa kulitoa, akalipa na kulazwa, pesa ambayo angeiokoa kama angekuja siku aliyopangiwa.

Kukata tumbo ni habari nyingine. Kupitia matundu madogo, daktari anaondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, linabaki jembamba mfano wa ndizi. Kilichoondolewa hakirudishwi. Sehemu hiyo ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana wengi wanashangaa hamu ya kula imekwenda wapi. Njia ya tatu ni kuunganisha: kinatengenezwa kifuko kidogo cha kama mililita 30, kinaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Hii huwafaa zaidi wenye kisukari na wenye kiungulia kikali, kwa sababu kukata tumbo kunaweza kukizidisha kiungulia. Ndiyo sababu tunakupeleka kupigwa kamera ya tumbo kwanza, kile kipimo mnachokiita "cha kula hela".

Si kila anayekuja tunampeleka kwa daktari wa upasuaji. Tunachukua kilo zako, tunagawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 90 na urefu wa mita 1.60 anapata 35. Kwa miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022, kuanzia hapo upasuaji unapendekezwa hata kama huna ugonjwa mwingine. Kati ya 30 na 35 unafikiriwa hasa kama una kisukari au matatizo ya aina hiyo. Bibi harusi mwenye kilo 68 anayetaka gauni limkae vizuri, huyo tunamrudisha nyumbani, na akasirike. Kufyonza mafuta nako ni kurekebisha umbo, wala si tiba ya unene.

Sasa bei. Mashine ya kukata na kubana tumbo inatumia vifaa vya mara moja tu, vinatoka nje na hununuliwa kwa dola. Ongeza daktari wa usingizi, vipimo, kulazwa, na mwaka mzima wa kukufuatilia na kukusimamia lishe. Watu wanataka tupunguze bei hapo mwishoni: "Toeni hiyo lishe, nitajisimamia mwenyewe." Haya. Mama mmoja alijisimamia. Kabla ya upasuaji anatakiwa ale chakula chepesi cha majimaji ili ini lipungue, kwa kuwa limelalia tumbo na daktari hulinyanyua apate pa kufanyia kazi. Mama akapitia kitchen party, pilau na soda. Kamera ilipoingia, ini limejaa, tumbo halionekani vizuri, daktari akafunga bila kulikata. Aligharamia chumba cha upasuaji mara mbili, na mpaka leo anasema tulimdhulumu.

Mwingine aliacha vitamini alipoona amependeza. Miguu ikaanza kufa ganzi. Akanunua mafuta ya kuchua, akapelekwa kwa mtaalamu huyu na yule, kumbe ni upungufu wa vitamini B12. Vitamini baada ya upasuaji ni za maisha. Na aliyeunganishwa asinunue diklofenaki duka la dawa kila kichwa kikimuuma, itamchimba vidonda pale kwenye maungio. Homa, moyo kwenda mbio au maumivu yanayozidi siku za mwanzo, usisubiri asubuhi wala usituandikie meseji: nenda hospitali, huenda mshono unavuja.

Ukija mara ya kwanza, beba dawa zako zote kwenye mfuko. Kama unachoma zile sindano za kupunguza uzito, tuambie, maana zinachelewesha chakula kutoka tumboni na daktari wa usingizi lazima ajue. Ile chai ya kukata mafuta uliyonunua Kariakoo nayo njoo nayo, na usiifiche kwenye pochi. Tumeshaziona za kila rangi.