YAH: Injini kuchemsha tangu mnifungie mfumo wa gesi

Kwa Meneja wa Huduma,

Habari za kazi. Naandika kwa sababu simu zangu zinapokelewa vizuri tu, naambiwa fundi atakupigia, alafu kimya. Sasa naweka kwa maandishi ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Gari yangu ni ya zamani, ya kabureta, na injini iliyomo ni kubwa kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani. Hayo niliwaambia kabla hamjashika spana, mkaikagua, mkasema inafaa. Kwa petroli ilikuwa haichemshi hata kwenye foleni jua la mchana, rejeta ni ya safu tatu na feni ni ya umeme. Mmenifungia gesi asilia, nimeichukua, na tangu hapo ikikutana na mlima mshale wa joto unaenda kwenye nyekundu. Majibu yenu ni mawili, injini imechoka na gesi ina moto mkali. Hilo la pili ndo limefanya barua iwe ndefu.

Gesi kwenye mtungi inakaa kwa presha inayofika baa 200, na ikishushwa presha pale kwenye redyusa, kile kifaa cha kuipunguza kabla haijaingia kwenye injini, inapoa vibaya sana, ndo maana redyusa inapitishiwa maji ya moto ya injini isigande. Yaani redyusa inachukua joto kutoka kwenye maji, haiongezi. Sasa njooni muone ya kwangu: nikiendesha kidogo tu asubuhi inaota barafu nyeupe mpaka kwenye klipu za mipira, na muda huohuo geji inasema injini ina moto, na hita huku ndani inapuliza baridi. Barafu na mchemko chini ya boneti moja! Mpira wa kuingiza maji ukiushika unaunguza, wa kutolea ni baridi kabisa. Maji hayapiti. Na sababu inaonekana kwa macho, fundi wenu alikata mpira wa hita akaipachika redyusa katikati, akaifunga juu kabisa, juu kuliko mfuniko wa rejeta, kwahiyo upepo wote wa kwenye mfumo unakimbilia hapo na hakuna aliyehangaika kuutoa. Nimeutoa mwenyewe, napata nafuu kidogo, alafu unajikusanya tena palepale. Lazima ujikusanye, maana hapo ndo juu kuliko kote na upepo haukai chini ya maji.

Niliporudisha gari kulalamika fundi akafungua, akang'oa themostati, ile valvu inayofunguka maji yakipata moto ili yaende kwenye rejeta, akaitupa, akasema sasa itapoa. Jamani. Injini hii ina njia ya pembeni ya maji ambayo themostati ikifunguka ndo inaiziba ili maji yote yaende kwenye rejeta, ukiitoa ile njia inabaki wazi muda wote na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Matokeo yake kwenye tambarare injini haipati joto lake, na mlimani inachemsha mapema kuliko mwanzo. Akanishauri pia nitembee na mfuniko wa rejeta umelegezwa! Mfuniko wa baa 0.9 ndo unaofanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 119, ukiulegeza yanachemka kwenye 100. Huo ni ushauri wa kuunguzia mtu gasketi ya hedi.

Lingine ni taimingi, yaani wakati cheche inapowasha, na hapa naomba mnijibu vizuri kwa sababu nimelipia. Gesi asilia inaungua taratibu kuliko petroli, cheche inatakiwa itangulie zaidi. Ukiiacha kwenye taimingi ya petroli, moto unakuwa bado unawaka wakati valvu ya egzosti inafunguka, joto linaishia kwenye valvu na hedi na mwisho kwenye maji. Kwenye risiti mmenichaji kifaa cha kubadilisha taimingi. Nimefuata waya kutoka kwenye koili mpaka distribyuta inayogawa cheche, hamna kifaa chochote, na msije mkaniambia mtazungusha distribyuta kidogo, maana nikirudi petroli cheche itakuwa imewahi mno na injini itagonga. Mchanganyiko nao ulisetiwa gari ikiwa imesimama inaunguruma tu, hakuna aliyeipima ikiwa na mzigo, yaani injini ikivuta kwa nguvu. Usiku nikitoka mlimani nikafungua boneti, manifodi ya egzosti ina wekundu wa kuonekana.

Na mlima uleule nikipanda kwa petroli mshale unasogea juu kidogo kisha unatulia. Nikigeuza swichi kwenda gesi unaanza kupanda tena. Injini iliyochoka haichagui inachotumia.

Ninachotaka ni redyusa ishushwe chini ya usawa wa juu wa rejeta, mfumo utolewe upepo hita ikiwa wazi, themostati mpya irudishwe kwa gharama yenu, kifaa cha taimingi nilicholipia kifungwe, na gesi isetiwe kwa mashine ya kupima moshi gari ikiwa na mzigo. Mpime pia nafasi za valvu mbele yangu. Injini hii ni ya enzi za petroli yenye madini ya risasi, ambayo ndo yalikuwa yanalinda siti za valvu, na siti zake ni laini, na sitaki kuja kuambiwa baadaye kwamba zilikuwa zimeliwa zamani. Zikikutwa zimeshuka, hilo nalo tutaongea, ila siyo na yule fundi, naomba mwingine.

Kama hamuwezi, toeni mfumo wote, rudisheni mipira ya hita ilivyokuwa na mnirudishie hela yangu. Kwa sasa natembea kwa petroli, gesi niliyojaza imekaa tu kwenye mtungi.

Nakala ya risiti na picha za redyusa ikiwa na barafu nimeambatanisha. Nijibuni kwa maandishi, siyo kwa simu.

Mteja wenu